Nakala Iliyobaki Haneti

Mwezi wa tisa Ugogo yote hugeuka rangi moja. Makorongo yanakuwa mchanga mtupu, mibuyu inasimama uchi, na mbuzi wanatafuna chochote ambacho mvua ya mwaka jana ilikisahau. Hivyo ndivyo nilivyoikuta Haneti, kata ya wilaya ya Chamwino kaskazini mwa Jiji la Dodoma, siku niliyomsindikiza shangazi yangu kwenda kituo cha afya kupima presha. Foleni haikuwa ndefu, ila haikuwa na haraka. Mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kuondoka, basi nikawa sina la kufanya isipokuwa kumtazama muuguzi akijaza kitabu.

Kilikuwa kitabu cha MTUHA namba 5, cha wagonjwa wa nje, kile ambacho kikifunguliwa kinaimeza meza nzima. Kila mgonjwa ana mstari wake: tarehe, namba, jina, anakotoka, umri, ugonjwa, dawa. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulianza miaka ya mwanzo ya 1990, na watu wengi waliozaliwa au kuugua Tanzania tangu wakati huo wana mstari wao mahali fulani katika vitabu hivi.

"Dada, kikijaa mnakipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Hakiendi popote, kaka," akajibu bila kuinua kichwa. "Kinachokwenda wilayani ni jumla tu. Kitabu chenyewe kinabaki hapa hapa."

Mimi mkate wangu ni kuandika programu na kuzitunza. Nimefanya kazi hiyo Dodoma tangu kabla watumishi wa serikali hawajaanza kuhamia kwa wingi, na jibu la yule dada lilinirudisha kwenye swali ambalo watu wa kazi yangu wamelipigania kwa miaka hamsini: nani anabaki na kitabu kizima, na nani anapelekewa jumla?

*

Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs huko Marekani alitengeneza mfumo wa kwanza uliojulikana sana wa kutunza matoleo ya programu, SCCS. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaja na RCS. Kisha ikafuata CVS, na baada yake Subversion, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2004. Sitakaa sana hapa, maana tofauti zao ni za mafundi. Kilicho muhimu ni kwamba CVS na Subversion zilikuwa na ghala moja, ndani ya seva moja, mahali pamoja. Mwandishi wa programu alichukua ukurasa wa leo tu. Historia yote, nani alibadilisha nini na lini, ilibaki ghalani. Ukitaka kuandikisha badiliko, sharti uwe mtandaoni na mwenye ghala awe amekupa ruhusa.

Mtu wa Oslo au California angeweza kuishi na sharti hilo bila kulihisi. Kwetu lilikuwa mlima. Hadi Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika ufukweni Dar es Salaam, pwani yote ya Afrika Mashariki ilikuwa ikizungumza na dunia kwa setilaiti kwa sehemu kubwa, kwa bei ambayo idara ya chuo kikuu ilibidi iifikirie mara mbili. Kuandikisha badiliko la mistari mitatu ungengojea usiku, watu walale, njia ipanuke. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya.

Kazi yenyewe ya kuandika programu haikungojea mkongo, hata hivyo. Ilikuja kwa njia ya Afrika Kusini. Baada ya uchaguzi wa 1994, nchi ile ilirithi idara za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi, kila moja na fomu zake. Mnorwe Jørn Braa, Calle Hedberg na wenzao wa Cape Town wakaanzisha mradi wa HISP, wakatengeneza DHIS, programu ya takwimu za afya za wilaya iliyojengwa juu ya Microsoft Access. Miaka ya mwanzo ya 2000 ikaingia Tanzania kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Toleo lile la kwanza lilikuwa faili. Wilaya ilikuwa na faili lake, mkoa lake, wizara lake. Faili lilisafiri kwa disketi, baadaye kwa CD, baadaye kwa flashi, pamoja na virusi wake. Kama wilaya imesahihisha takwimu za Machi baada ya mkoa kuzipokea, sasa kuna Machi mbili, na hakuna kitu ndani ya faili kinachosema ipi ilitoka kwa ipi. Wataalamu wa takwimu wa wakati ule walikuwa wakifanya kwa kalamu na simu kazi ambayo leo tunaiita kuunganisha matawi.

Wanaocheka na wanicheke na mimi. Mimi mwenyewe, katika ofisi moja hapa Dodoma ambayo haina haja ya kutajwa, nimewahi kutunza programu ya stoo ya dawa ndani ya folda zilizoitwa "mwisho", "mwisho_kabisa", "mwisho_kweli" na "mwisho_J3". Mwenzangu alikuwa na "mwisho_kabisa" yake kwenye laptopu yake. Siku moja akanakili ya kwake juu ya yangu, kwa nia njema kabisa, na wiki tatu za kazi zikaondoka bila hata kuaga. Hatukuwa wajinga. Kila mmoja wetu alikuwa na nakala. Kilichokosekana ni namna ya nakala mbili kutambuana.

*

Hapa inabidi nimlete kijana wa Welkom, Afrika Kusini. Mark Shuttleworth alitajirika kwa kuuza kampuni ya usalama wa mtandao, akaruka anga za juu na Warusi mwezi Aprili 2002, na mwaka 2004 akaanzisha Canonical. Oktoba mwaka huo ikatoka Ubuntu, mfumo wa uendeshaji wa Linux wenye jina ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulielewa. Ni utu tu kwa lugha ya majirani. Kwa miaka kadhaa kampuni ilituma CD za Ubuntu bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Watu wengi wa rika langu waliigusa Linux mara ya kwanza kwa kufungua bahasha iliyotoka sanduku la posta la shule au chuo.

Watu wachache walijua kilichokuwa jikoni. Ubuntu haikuandika programu zake nyingi. Ilizichukua kutoka Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, na Debian nayo ilizichukua kutoka kwa waandishi wa asili waliotawanyika duniani. Programu moja ilikuwa inapita mikono mitatu kabla haijafika kwenye CD yako. Kila mkono uliongeza kitu.

Kazi ya mtunza kifurushi ndiyo hiyo, na hairuhusu kubahatisha. Mwandishi wa asili anatoa programu ndani ya bunda. Mtunza kifurushi analifungua, anaona kwamba programu inatafuta faili mahali ambapo kwenye mfumo wake halipo, au kwamba kuna kosa mwandishi hajalirekebisha. Anashona kiraka. Neno letu hili limekaa vizuri kuliko anavyodhani mtu asiyeshona. Fundi mzuri hashoni kiraka kiwe sehemu ya nguo moja kwa moja. Anakishona akijua kwamba kesho mwenye nguo ataleta kanzu mpya, mshono uleule, na kiraka kilekile kitapaswa kuhamishwa. Kwa hiyo Debian ilijifunza mapema kuweka bunda la mwandishi kando bila kuguswa, na viraka kando, baadaye kimoja kimoja, kila kimoja na sababu yake. Toleo jipya likija, unajaribu kuvihamisha. Vingine vinakaa. Vingine mwandishi amekwisha kuvikubali, unavitupa kwa furaha. Vingine vinagoma, maana nguo imebadilika pale pale palipokuwa na kiraka, na hapo ndipo usiku unapotea.

Sasa zidisha mara maelfu ya vifurushi, kila miezi sita Ubuntu inapotoa toleo jipya. Kwa ghala moja lenye mlinzi mmoja mlangoni, haiwezekani. Mwandishi wa asili hawezi kumpa kila mtunza vifurushi wa dunia ufunguo wa ghala lake, na mtunza vifurushi hawezi kusubiri funguo. Canonical ikaanza kujenga Bazaar, mfumo wa matoleo ambao kila mtu anachukua ghala zima na historia yake yote, anafungua tawi lake bila kuomba ruhusa, na baadaye matawi yanaweza kuunganishwa kwa sababu kila moja linakumbuka lilikotoka.

Sisi Watanzania tulikuwa na tatizo hilohilo kwa kipimo chetu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili tangu menyu ya kwanza. Ilikuwa kazi ya heshima, maelfu ya maneno yaliyotafutiwa Kiswahili moja baada ya jingine. Lakini OpenOffice haikusimama kuwasubiri. Kila toleo jipya lilikuja na menyu mpya na maneno mapya, na tafsiri yote ikageuka kiraka kinachotafuta kanzu ya kukaa. Lugha yetu haikushindwa pale, wala watafsiri hawakushindwa. Kuitunza kazi toleo baada ya toleo ni ajira ya kudumu, na miradi mingi hulipia uzinduzi tu.

*

Mwezi Aprili 2005 ndio mwezi ambao watu wa kazi yangu wanausimulia kama wazee wanavyosimulia mwaka wa njaa au mwaka wa nzige.

Linus Torvalds, Mfini aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa akitunza kiini cha Linux kwa BitKeeper, mfumo wa kampuni binafsi ya Larry McVoy. BitKeeper ilikuwa imetolewa bure kwa watu wa Linux tangu 2002, kwa masharti. Mwaustralia Andrew Tridgell akajaribu kuelewa jinsi seva ya BitKeeper inavyozungumza; hatua yake mojawapo ilikuwa kuunganika nayo na kuandika neno la kuomba msaada, nayo ikamjibu kwa orodha ya amri inazozielewa. McVoy akaona masharti yamevunjwa, akaondoa ruhusa ya bure. Mmoja wa miradi mikubwa kabisa ya programu huria ukajikuta hauna daftari.

Torvalds alianza kuandika chombo chake tarehe 3 Aprili. Tarehe 7 chombo kilikuwa kinatunza matoleo yake chenyewe. Mwezi Juni toleo la 2.6.12 la kiini cha Linux lilitoka likiwa limetunzwa ndani yake. Akakiita Git. Mwishoni mwa Julai akamkabidhi Junio Hamano, Mjapani ambaye anakitunza hadi leo, na nadhani kukabidhi huko kulikuwa na busara kuliko kukiandika. Mercurial, ndugu yake wa umri uleule, ilizaliwa mwezi huohuo wa Aprili kwa sababu ileile.

Tofauti ya Git inaonekana ukikaa nayo karibu. Kila kitu unachokiweka ndani yake kinapigwa hesabu, na hesabu hiyo inatoa alama ya herufi na tarakimu 40. Alama hiyo ndiyo jina lake. Unda faili tupu, lisilo na hata nukta moja, uliingize kwenye Git ya kawaida. Utapata alama inayoanza na e69de29. Fanya hivyo Haneti, fanya Helsinki, fanya Muscat usiku wa manane bila mtandao: e69de29. Hakuna ofisi iliyotoa namba hiyo. Hakuna aliyesajili. Yaliyomo ndiyo yanayojitaja, na mashine mbili ambazo hazijawahi kuzungumza zikikutana zinajua mara moja kwamba zimeshika kitu kimoja.

Na kila badiliko unaloliandikisha, au kwa lugha ya vijiwe vyetu unalo*likomiti*, linabeba ndani yake alama ya badiliko lililolitangulia. Ukigusa neno moja la mwaka juzi, alama ya mwaka juzi inabadilika, na ya jana, na ya leo. Huwezi kumdanganya mwenye nakala nzima. Ndiyo maana mwenzangu na "mwisho_kabisa" yake asingeweza kunifunika kwa Git. Chombo kingemwambia kwamba tawi lake na langu yaliachana Jumanne, na kingemwonyesha mistari inayogongana.

Ukizidi kwenda kaskazini kutoka huku utafika Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Kinachomsumbua kila anayeitafiti ni kwamba wachoraji walichora juu ya michoro ya waliowatangulia, twiga juu ya mtu, mtu juu ya swala, kizazi juu ya kizazi, bila tarehe wala jina. Kila nikiiona nafikiria folda zangu za "mwisho".

Watu hupenda kuiita mifumo hii "iliyosambaa". Mimi naiita isiyo na makao makuu, na nadhani mtu wa Dodoma ana haki ya kulitumia neno hilo. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe hapa. Ofisi zikaendelea kukaa Dar es Salaam zaidi ya miaka arobaini, na barua zikawa zinapita Dodoma kwa heshima na kurudi pwani kwa kazi. Tunajua vizuri kwamba makao makuu ni makubaliano ya watu. Git ni hivyohivyo: kitaalamu hakuna nakala iliyo kubwa kuliko nyingine, ila watu wamekubaliana kwamba ile iliyoko mahali fulani ndiyo ya kutazamwa kwanza.

*

DHIS ya Access ilizaa DHIS2, iliyoandikwa upya kwa Java katika Chuo Kikuu cha Oslo na kutolewa bure na huria; Kerala huko India iliitumia mwaka 2006. Waandishi wake walikuwa Oslo, India, Vietnam na Afrika, na msimbo wake ukawekwa kwenye Launchpad, seva ya Canonical, ukitunzwa kwa Bazaar. Kwa hiyo kile chombo kilichobuniwa ili kutunza vifurushi vya Ubuntu ndicho kilichotunza programu inayohesabu malaria yetu. Baadaye DHIS2 ikahamia Git, kama karibu kila mtu. Hata Launchpad yenyewe ilianza kupokea Git mwaka 2015.

Hali haikuwa tofauti Eldoret, Kenya. Pale, kutokana na kazi iliyoanzia kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001, Paul Biondich na Burke Mamlin walianza OpenMRS mwaka 2004, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Hekima yao ilikuwa moduli: kiini kinabaki kimoja kwa wote, na kila nchi inaongeza vifurushi vyake pembeni bila kukigusa kiini. Nayo iliacha Subversion na kuhamia Git mwaka 2012.

Hili la kutokugusa kiini watu wetu wamelijifunza kwa machozi. Kishawishi ni kikubwa: msimbo ni huria, umeshaushusha wote kwenye laptopu yako, na bosi anataka ripoti ionekane hivi kufikia Ijumaa. Unafungua kiini, unabadilisha mistari kumi, Ijumaa inapita, unapongezwa. Miezi sita baadaye Oslo inatoa toleo jipya, lenye marekebisho ya usalama unayoyahitaji, na mistari yako kumi imekaa njiani. Mara nyingi mtu huyo ameshapata kazi kwingine. Anayemrithi anaogopa kupandisha toleo, na nchi au shirika linabaki na programu ya zamani kama mtu anayeogopa kufua shati kwa sababu viraka vitabanduka. Dawa iliyopatikana kwa DHIS2 ilikuwa aplikesheni za pembeni, na vijana wa HISP Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametengeneza kadhaa ambazo nchi nyingine zinazitumia. Hilo kwangu ni jambo la kujivunia kuliko majengo mengi niliyoonyeshwa.

Kenya ilisambaza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, mtandaoni moja kwa moja, kwa modemu za simu. Tanzania ikakamilisha mikoa yake mwaka 2013.

*

Miezi miwili ya mwaka 2024 ilinifundisha zaidi ya semina zote nilizowahi kulipiwa posho.

Wa kwanza ulikuwa Machi. Tarehe 29, Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba ameona kuingia kwa mbali kwenye mashine yake ya Debian ya majaribio kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Mtu mwingine angeenda kunywa chai. Yeye alifukua hadi akakuta kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyo karibu kila mahali, yamewekewa mlango wa nyuma na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga uaminifu hadi akapewa utunzaji. Kwa mtunza vifurushi, kinachoumiza ni hiki: kipande cha hati kilichowasha sumu hiyo hakikuwa kwenye ghala la Git ambalo kila mtu alikuwa akiliona. Kilikuwa ndani ya bunda tu, lile bunda la kutolea toleo ambalo Debian na wengine walikuwa wakilifungua tangu 1993 kwa mazoea. Daftari lilikuwa wazi kwa dunia nzima, na watu wakawa wanapokea jumla.

Tangu siku hiyo, watunza vifurushi wengi zaidi wanajenga kutoka kwenye historia yenyewe ya Git au angalau wanalinganisha bunda na historia kabla ya kulitumia. Mimi nimo.

Wa pili ulikuwa Mei. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Jumatatu asubuhi ofisi nyingi za Dodoma zilikuwa zimejaa watu wanaotazama duara linalozunguka kwenye skrini. Mwenzangu alikuwa nyumbani kwake Nkuhungu na nusu ya kazi. Mimi nilikuwa Area C na nusu nyingine. Git ina amri ya kufunga historia yote, au kipande chake, ndani ya faili moja unaloweza kulibeba. Nikafunga mabadiliko ya wiki, nikayatia kwenye flashi, flashi nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikampa bodaboda. Elfu tatu. Baada ya dakika arobaini mwenzangu akanipigia: imeingia, matawi yameungana, kuna mgongano mmoja kwenye faili la mipangilio, nao ameshautatua.

Nilicheka peke yangu. Miaka ishirini ya maendeleo ya kompyuta, na takwimu zinasafiri tena kwa flashi, kama faili la Access la wilaya. Ila safari hii flashi ilijua ilikotoka.

*

Haya yote yalinipitia kichwani pale benchini Haneti, na nikaona kichekesho ambacho sikuwa nimekiona. Programu inayokusanya takwimu za kituo kile imetunzwa kwa miaka mingi na mifumo isiyo na makao makuu, kila mwandishi na nakala nzima, Oslo na Dar es Salaam sawasawa. Takwimu zenyewe zinakwenda upande mmoja tu, juu, kwenye seva moja ya taifa. Iko programu ya simu ya DHIS2 inayoweza kuhifadhi kazi hadi mtandao urudi, hilo nalijua. Hata hivyo inahifadhi ili ipeleke. Waandishi wa programu walijipa wenyewe kitu ambacho hawakumpa muuguzi.

Sisemi kila kituo kiwe na nakala ya wagonjwa wa nchi nzima. Jina la mtu na ugonjwa wake si msimbo wa kugawiwa kwa kila mwenye laptopu, na hapo seva moja yenye mlinzi ina hoja. Nasema habari za Haneti. Historia ya Haneti, nzima, mstari kwa mstari, iko sehemu moja tu, nayo ni ile iliyokuwa mbele yangu, imefunikwa plastiki vumbi lisiingie.

Shangazi alitoka, presha yake imepanda kidogo, akaambiwa apunguze chumvi, jambo ambalo alilipokea kama tusi kwa mlenda wake. Muuguzi alikuwa anamwandika. Kwenye safu ya umri akaandika 46. Shangazi akainama juu ya kitabu, akasema, "Mwanangu, mimi nina sitini na nne."

Muuguzi hakufuta. Hakutafuta wino mweupe wala hakukwangua kwa wembe. Alichora mstari mmoja mwembamba juu ya 46, mstari ambao bado ungeweza kusoma namba chini yake, akaandika 64 pembeni, kisha kwa herufi ndogo akatia saini yake na tarehe.

"Ndivyo tulivyofundishwa," akaniambia alipoona namtazama. "Anayekuja baadaye aone lililokuwepo, na aone nani kalibadilisha."

Akaita mgonjwa aliyefuata.